Mwanamke Aliyenipa Mzizi Kwenye Mahame

Najua kuna watakaosema jua lilinipiga nikaota nimesimama. Hata watoto wangu wa kuzaa wameshaniambia hivyo, na sibishani nao. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo, na mzizi niliopewa siku ile niliuchemsha kwa mikono hii hii. Kwa hiyo sikiliza kwanza, halafu useme utakalo.

Ilikuwa katika miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Sisi tulitolewa kwenye miji yetu ya zamani, yaani maboma ya familia, huko porini, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, mwendo wa nusu siku kutoka Mhunze. Miji tuliyoiacha ikageuka mahame. Nyumba zilianguka, ikabaki minyaa iliyokuwa uzio, na mawe ya kusagia ambayo hakuna aliyeweza kuyabeba.

Nilikuwa nimeolewa na Masanja, na mtoto wetu wa kwanza ni Limi. Tuliishi na mama yake Masanja. Mimi nilimwita mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkono wake mwepesi kwa watoto wagonjwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Nataka ulishike hilo la macho. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima.

Wewe wa siku hizi labda hujui maana ya macho mekundu kwa bibi kizee katika nchi yetu wakati ule. Sisi tulijua. Mama mzee akifikia hapo, majirani walianza kupunguza sauti anapopita. Ng'ombe wa mtu akifa, mama huyo alitajwa kwamba ndiye mchawi. Na wengine hawakuishia kutajwa tu.

Masanja alikuwa ameondoka kwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Wengi walikwenda hivyo, kwa siri siri, wakishuka kwenye mashimo waliyoyaita maduara, wakipondaponda mawe kwa nyundo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuwa na dhahabu wala afya. Alikuwa na kikohozi kilichomkunja mwili mzima, na jambo jingine ambalo sikulielewa mara moja: hakumwangalia mama yake usoni.

Siku ya pili nikamwekea ugali na mlenda. Akauliza, "Nani amepika?"

"Mayu," nikasema.

Akasukuma sahani. "Nipikie wewe."

Tulipobaki peke yetu nikamuuliza. Alizungukazunguka, mwisho akasema. Huko machimboni walikwenda kwa mganga, wao wote waliokuwa kwenye duara moja, kwa sababu kila walipochimba walikutana na mwamba mtupu. Mganga alimwangalia yeye peke yake akamwambia, "Kinachokufunga kipo nyumbani kwenu. Ni mwanamke, macho yake ni moto."

"Na wewe ukaamini?" nikamuuliza. "Mama yako mzazi?"

"Mama Limi, mimi sikusema nimeamini. Lakini yule mganga hajawahi kufika kwetu. Nani alimwambia?"

Leo ningemwambia kwamba nchi nzima ile, kila nyumba ina bibi mwenye macho mekundu, mganga hakuhitaji kuambiwa na mtu. Siku ile akili haikunipa.

Nilichowaza ni kimoja tu: macho ya mayu yasafike kabla neno halijatoka nje. Nilikumbuka kwamba zamani, kabla hatujahama, kulikuwa na mti mdogo karibu na mji wetu ambao wanawake walitumia majani yake kuoshea macho. Jina lake silitaji, maana jicho si kitu cha kujaribia. Asubuhi nikamwacha Limi kwa jirani, nikachukua jembe fupi na kikapu, nikaelekea mahame.

Watu hudhani mambo haya hutokea usiku. Yangu yalitokea jua likiwa la utosi, kivuli changu kimeingia chini ya miguu. Mvua zilikuwa bado, ardhi imepasuka, na hewa ilikuwa ikicheza juu ya majani makavu. Nilipita ngitili, yale malisho ambayo wazee waliyafunga ili majani yapone kwa ajili ya kiangazi, nikaingia kwenye mahame. Niliutafuta ule mti sikuuona. Nikavuka minyaa kuingia mji wa pili, uliokuwa wa majirani zetu. Nilipoolewa niliukuta tayari hauna watu, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Hapo ndipo nikamwona mwanamke anachimba.

Alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anachimba kwa mkono mmoja kwa kijiti kilichochongwa. Mkono mwingine alikuwa ameushikiza shingoni, juu ya kitambaa cheusi alichojifunga, kama mtu anayezuia kitambaa kisianguke. Nilifurahi, nakwambia kweli. Peke yako porini, ukimwona mwanamke mwenzako, moyo unatua.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama inavyopasa mchana.

Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri. Nikasogea, nikapiga goti kidogo, nikarudia. Akageuza uso. Alikuwa wa umri wa mayu, na macho yake yalikuwa mekundu zaidi ya yale niliyoyaacha nyumbani.

"Unatafuta dawa ya macho," akasema. Hakuuliza.

Nikasema ndiyo, ya mama mkwe wangu.

"Mama mkwe wako haumwi. Anayeumwa ni yule anayekohoa."

Nilishtuka. Sikuwa nimemtaja Masanja. Lakini vijiji vyetu ni vidogo, habari hutembea, nikajipa moyo hivyo. Alinyoosha mkono akanipa mzizi aliokuwa ameung'oa. Niliutambua kwa harufu kabla ya kuutazama. Ulikuwa wa nengonengo, mti wa dawa wa kwetu, na nengonengo hujificha kwa nani? Harufu yake inapanda puani kama dawa ya kuchua. Mzizi ulikuwa wa baridi, baridi ya maji ya kisimani, na ardhi yote ile ilikuwa inaungua.

"Mfukize kwa mvuke," akasema. "Asinywe, huu ukinywewa ovyo unaua. Na usimfukizie chumbani. Mlaze jikoni, pale mama yake anapokaa akipika. Mama yake ndiye amuuguze. Asitoke pale mpaka kifua kilegee."

"Mayu, mbona jikoni? Kuna moshi mwingi."

Akanitazama. Sijui nikuelezeje mtazamo ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kuulizwa.

"Mimi hakuna aliyekuja kukaa jikoni kwangu," akasema.

Nikainama kuuweka mzizi kwenye kikapu. Ni kuinama tu, kuuweka na kuinuka. Nilipoinuka hakuwepo. Mahali pale ni peupe, pana minyaa upande mmoja na uwanda mtupu upande mwingine. Mtu angekimbilia wapi? Nikatazama alipokuwa akichimba ili angalau nione shimo. Ardhi ilikuwa nzima, imepasuka mipasuko yake ya kiangazi, na utando wa buibui umetanda juu yake. Lakini mzizi ulikuwemo kikapuni.

Jinsi nilivyofika nyumbani sikumbuki vizuri. Mayu alinikuta nimekaa chini ukutani, nahema. Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Mkono wake ulikuwa wapi?"

"Shingoni."

Mayu akakaa chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Akaniambia, "Huyo ni Milembe." Jirani yake. Walikuwa wakitwanga pamoja, na watoto wa mji ule wote walizaliwa mikononi mwa Milembe. Kisha macho yake yakawa mekundu, mtoto wa mtu akafa kwa homa, na asubuhi moja wakamkuta mlangoni kwake amekatwa panga la shingo. Aliyefanya hakujulikana, au alijulikana na hakutajwa. Watu wa mji ule wakahama kabla hata ya serikali kuwahamisha.

Nikamwomba mayu msamaha kwa kumletea habari kama ile. Akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo Masanja ameambiwa kuhusu mimi," akasema.

Akanyanyuka, akachukua mzizi, akaunusa. "Chota maji. Tufanye alivyosema."

Jioni ile mvua ya kwanza ikashuka, tena si ya mchezo. Udongo wetu mweusi ukilowa, gari halipiti, ng'ombe wenyewe wanazama. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Masanja akazidiwa. Homa ilimshika mpaka akaanza kuzungumza na watu wa machimboni kana kwamba wamo chumbani. Hakuwa na nguvu ya kukataa jambo lolote. Mimi na mayu tukamburuta kwenye ngozi ya ng'ombe, tukamlaza jikoni kando ya mafiga.

Sisi hatukuwa na kuni. Upande wetu miti ilikuwa imekwisha zamani, tulipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Mvua ikinyesha vyote hivyo hulowa, vikawaka kwa moshi mzito wa njano unaotambaa chini. Mayu alichemsha mzizi, akamfunika mwanawe blanketi na chungu ndani, akamshika mabega asianguke. Mvuke ulipokwisha akachochea tena. Alipuliza moto, akakohoa, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akapuliza tena. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, na mvua haikukatika.

Homa ikashuka. Kifua kikaanza kulegea, akawa anatema makohozi yenye vumbi jeusi la mwamba. Siku moja, mchana, akiwa bado amelala pale, aliniomba kioo chake cha kunyolea. Nilidhani anataka kuona amekonda kiasi gani. Akajitazama. Akakisogeza kioo karibu, kisha mbali, kisha akakigeuzia mlangoni penye mwanga.

Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Mayu alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Mama," Masanja akasema. Tangu arudi hakuwa amelitamka neno hilo. "Mama, umepikia moshi huu tangu lini?"

"Zamani tulikuwa na kuni," mayu akajibu. "Miti ilipokwisha ndipo tukaanza mavi ya ng'ombe. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nakubeba mgongoni nikipika, ili moshi usikufikie."

Masanja aliweka kioo chini. Akaanza kulia, na si kwa moshi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Limi, kuna mtu nilimwambia aje."

"Mtu gani?"

"Wa kule machimboni. Alisema mvua zikianza atapita, anajua kazi hiyo."

Ni kazi ile aliyofanyiwa Milembe mlangoni kwake, sitaki kusema zaidi. Mayu alisikia kila kitu. Mkono wake ulisimama kwenye mboga, kisha ukaendelea.

Mvua ilipotulia, Masanja akashika fimbo, miguu ikimtetemeka, akaenda kukaa pale njia inapoingia kijijini. Alikaa huko kutwa, kesho yake tena kutwa. Nilikuwa nampelekea uji. Mwisho nikamwona kwa mbali amesimama na mwanamume mrefu mwenye baiskeli. Walizungumza, sikusikia walichosema. Nilimwona Masanja akijivuta kope za chini kwa vidole, amwonyeshe macho yake. Yule mtu akageuza baiskeli akarudi alikotoka. Hatukumwona tena.

Baadaye, njia zilipopitika, tulimpeleka Masanja hospitali, wakampa dawa akazitumia kwa muda mrefu. Nakwambia hivi usije ukasema nimeficha. Mzizi ulimvusha, hospitali ikamponya. Machimboni hakurudi. Alijenga jiko jipya, kuta zake zimeishia kiunoni, moshi unatoka pande zote, na akapanda miti nyuma ya nyumba. Macho ya mayu hayakusafika kabisa, ila alikufa kwa uzee wake, kitandani, mwanawe amemshika mkono. Katika nchi yetu, kwa mwanamke mwenye macho yale, hilo si jambo dogo.

Mimi lililobaki kwangu ni hili: mkono nilioupokelea ule mzizi huwa baridi. Si daima. Ni pale tu ninapokuwa mahali watu wakaanza kumsema mama wa mtu, kwamba amekaa vibaya, kwamba anatazama vibaya. Kiganja kinaingia baridi ya kisima. Zamani nilikuwa nauficha mkono ndani ya kanga nikanyamaza. Siku hizi nasimama nikasema, na nimeshagombana na watu wengi.

Basi nakuonya. Nengonengo usiichezee, na mizizi usiyoijua usiinywe, hata ukipewa na nani. Ukimwamkia mtu mahame asiitikie, sikiliza anachosema kisha uondoke. Na siku watakapokuja kukuambia kwamba fulani ni mchawi, ona macho yake, usiwajibu hapo hapo. Nenda nyumbani kwa huyo fulani. Omba kigoda, ukae jikoni kwake mpaka chakula kiive.