Maneno Niliyoyafupisha Kortini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kortini mapema kuliko askari wa lango, nikiwa na viatu vya kuazima na kichwa kilichojaa majivuno. Kiingereza changu kilikuwa kimewashinda wavulana wote wa darasa letu. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, karani wa korti ndiye aliyekuwa mkalimani pia. Hakimu aliuliza kwa Kiingereza, shahidi akajibu kwa Kikamba, na maneno ya wote wawili yalipitia kinywani mwako. Ukikosea, mara nyingi hakuna anayejua. Ninyi vijana mnaoitamani kazi hii, lijueni hilo kabla ya lingine lolote.

Karani Mkuu, mzee wa koti moja la kijivu mwaka mzima, hakunikaribisha hata kiti.

"Wewe msichana, 'cover', 'hide' na 'conceal' ziko na tofauti gani?"

"Zote ni kuficha," nikajibu upesi.

"Basi rudi nyumbani."

Machozi yalinilenga. Alipoyaona akanivutia kiti. "Sikiza. Mama akifunika sufuria ya muthokoi, hajaficha chakula. Kila mtu kwa hiyo nyumba anajua iko ndani. Hiyo ni 'cover'. Mtoto akivunja kikombe, akakisukuma chini ya kitanda, hiyo ni 'hide'. Lakini 'conceal' iko na nia. Mtu amekaa chini, amefikiria, ametaka wewe usijue. Ndiyo maana sheria inaipenda."

"Na 'disguise'?" nikauliza, ili ajue kwamba nami sikutoka porini.

"Hiyo ni jirani yangu akitoroka askari kwa kilabu ya pombe, amevaa koti ya bibi yake. Hajajificha, unamwona kabisa, lakini unaona mwanamke."

Nilicheka, na kwa miaka mingi nilidhani nimeelewa.

Nilianzia katika chumba cha kusomea mashtaka, pale mshtakiwa anapoelezwa kosa lake na kuulizwa kama anakubali au anakataa. Hakimu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa subira. Baadaye nilihamishiwa korti ndogo upande wa milimani, chini ya Hakimu Mkazi, mama mmoja mkali aliyeandika ushahidi wote kwa mkono wake mpaka kidole kikaota sugu. Orodha ya kesi ilikuwa ndefu kila siku. Sisi Wakamba nasi hatuanzi jibu katikati. Ukimuuliza mtu kama alimwona mwizi, ataanza na nani aliamka kwanza, mbuzi walitoka upande gani, na mgonjwa wa jirani alilalaje.

"Karani," Hakimu aliniambia wiki ya kwanza, "mimi nataka jibu. Hadithi uachie nyanya yako."

Basi nikajifunza kukata. Shahidi akisema sentensi kumi, mimi nilitoa moja, safi, tayari kwa kalamu. Kesi zilienda mbio. Hakimu alinisifu mbele ya wageni, na sifa zile zilinilevya. Kwa karibu miaka minane nilifanya kazi hivyo.

Ndipo akaletwa Nduku, mwanamke mdogo kutoka Katelembo. Alishtakiwa kwa kuficha uzazi, yaani kuuweka siri mwili wa mtoto ili watu wasijue alizaliwa. Hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani akishika mbao kwa mikono miwili, na kosa lenyewe lingeweza kumpeleka jela. Inspekta aliyeendesha mashtaka alimuuliza alimfanya nini mtoto.

Nduku alijibu kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Alisema alishikwa na uchungu peke yake shambani, miezi haijatimia. Mtoto alitoka kimya. Alimngoja alie, hakulia. Akavua leso aliyojifunga, akamfunika. Aliogopa mbwa, kwa hiyo akapanga mawe juu yake, pale pale kando ya njia ya kwenda kisimani. Kisha akaanza kwenda sokoni kumwita mama mkwe wake aje kumwonyesha mahali pa kumzika, lakini akaanguka njiani. Majirani walimkuta mtoto kabla hajazinduka.

Hakimu alikuwa ameinua kalamu. Nami nikasema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali kuuficha mwili chini ya mawe. Nilitumia neno lile lile la mashtaka, 'conceal', kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaketi. Kalamu ikaandika. Tukaenda mapumziko ya mchana.

Nje, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye nyasi amejifunga leso ya maua mekundu. Niliitambua mara moja, kwa kuwa mwenzake ilikuwa juu ya meza ya vielelezo vya ushahidi, imekauka damu. Leso huuzwa mbili mbili.

"Karani," akaniita, "mimi ndio mama mkwe. Nilimnunulia hizi akiwa na mimba. Askari wa mlango hakuniruhusu niingie. Umemwambia hakimu vile alikuwa anakuja kuniita?"

Niliyatazama yale maua ya leso yake.

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia, mwaitu," nikasema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. Sikupata neno lingine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani mwangu.

Karani mwenzangu alinishauri ninyamaze. Ukalimani wako ukitiliwa shaka mara moja, alisema, kila faili uliyoigusa itatiliwa shaka. Alisema kweli, na mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni. Lakini korti iliporudi nilisimama kabla ya kesi kuitwa.

"Mheshimiwa, asubuhi sikutafsiri yote. Mshtakiwa hakusema alificha. Alisema alifunika, akasema na sababu, nami nikaiacha."

Inspekta aliruka. "Mheshimiwa, huyu karani ni Mkamba, anamsaidia mtu wao!"

Hakimu aliweka kalamu chini. "Umeniacha niandike kitu ambacho huyu mama hajasema?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Arudi kizimbani. Na wewe, usiniachie hata neno moja."

Nduku alisema yote tena, nami nikayapeleka yote: leso, mbwa, mawe, njia ambayo kijiji kizima hupita. Mama mkwe naye aliitwa, akasikizwa. Hakimu alibadilisha kalamu mara mbili. Katika hukumu yake aliandika kwamba anayetaka kuficha hapangi mawe kando ya njia ya kisima, na Nduku akaachiliwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, na cheo nilichokuwa nikikitarajia kikaenda kwa mwingine. Nilistahili.

Tangu siku ile sikufupisha tena, hata mahakimu waliofuata walipogonga meza. Lakini sikulala vizuri pia, kwa sababu nilianza kuwahesabu waliotangulia, wale wa ile miaka minane, na wengi sikuwakumbuka hata sura.

Nimestaafu sasa. Majuzi sokoni Wamunyu, mchonga vinyago mmoja aliacha patasi akanisalimu.

"Karani, unanikumbuka? Ulisimama na mimi kwa kesi ya ng'ombe. Nilifungwa miaka miwili."

Nilimwambia ukweli, kwamba simkumbuki.

"Ni sawa," akasema bila hasira. "Nilisema maneno mengi siku hiyo. Nikashangaa, hakimu aliandika mstari mmoja tu."

Nikavuta gogo, nikaketi mbele yake.

"Ulisema nini, ndugu yangu?"

Akaniangalia kuona kama natania. Kisha akaanza, na alianza na nani aliamka kwanza asubuhi ile. Sikumkatiza.