Gia Niliyomkatia Mama Mdogo

Watu hunisifia mkono. Wanasema nakata vitu vizuri, na kweli navikata vizuri, lakini kila wakisema hivyo naikumbuka gia moja ya plaiwudi yenye meno ishirini, na natamani wabadilishe mazungumzo.

Mashine yangu ya leza ni ndogo, unaweza kuiweka juu ya meza ya kulia chakula. Niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, nikarudi nayo Tabora, nikapanga chumba cha mbele karibu na soko. Nilikata vibao vya milangoni, mapambo ya keki za harusi, na vishikio vya funguo vyenye umbo la nyuki. Wapita njia walisimama kutazama ule mwali ukila ubao, wakaanza kuniita injinia. Sikuwa injinia. Nilisoma mambo ya kompyuta, tena kwa kusuasua. Lakini sikumsahihisha hata mmoja, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, anaishi kijiji kimoja mbele ya Sikonge. Ndiye aliyenimalizia malezi. Wakati ule alikuwa mtunza mashine wa kikundi cha wanawake wafuga nyuki. Mashine yenyewe ni pipa. Ndani unapanga fremu zenye masega, unazungusha, asali inaruka na kugonga kuta za pipa, kisha inateremka kwenye bomba. Juu ya mfuniko kuna gia mbili zimelala bapa: kubwa ya chuma, inayozungushwa na hendeli, na ndogo inayozizungusha fremu ndani. Mkono ukienda mara moja, fremu zinakwenda mara tatu. Kuitunza ilikuwa heshima. Mtunza mashine aliiosha, aliifungia ndani kwake, na kila mavuno yeye ndiye aliyezungusha pipa la kwanza, baada ya sala, wenzake wakiimba. Hakuna aliyeligusa hendeli kabla yake.

Siku moja mwaka juzi alikuja na basi la asubuhi, gia zote mbili kazifunga ndani ya kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuletea mgonjwa."

Ile ndogo ilikuwa imelika meno yote, imebaki kama ufizi wa kibogoyo. Fundi aliyeichomelea alikwishahama, na hakuna aliyejua kahamia wapi. Mama mdogo aliniuliza kama ninaweza kutengeneza nyingine. Akasema nisione haya kama siwezi, wataazima ya kikundi cha ng'ambo.

"Mama, hii kazi ya saa moja," nikamwambia.

Jirani yangu ni fundi baiskeli, mzee wa maneno machache, aliyeanza kuunga minyororo kabla sijazaliwa. Alisogea, akaipima ile gia kubwa mkononi, akasema, "Kata kwanza moja ya boksi. Ipake masizi, izungushe na hii kubwa. Meno yatakwambia yenyewe yanagusana wapi."

"Mzee wangu, siku hizi kompyuta ndiyo inapiga hesabu."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akarudi kwenye pampu yake.

Sasa niseme kosa lenyewe, maana ni dogo la kuchekesha. Ili kompyuta ichore gia ndogo itakayopatana na kubwa, inataka kujua ukubwa wa jino. Unapima upana wa gia kubwa kutoka ncha hadi ncha, halafu unagawa. Lakini hugawi kwa idadi ya meno. Unagawa kwa idadi ya meno na mawili zaidi, kwa sababu ncha zinapita mbele ya pale gia mbili zinapokutana hasa. Gia ile ilikuwa na milimita mia mbili arobaini na nane, na meno sitini. Ningegawa kwa sitini na mbili ningepata nne kamili. Mimi niligawa kwa sitini, nikapata nne na vipande. Vile vipande vingetosha kunishtua. Fundi gani wa gia angechagua nne na vipande? Lakini mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama kwa fahari, na mimi nilitaka kuonekana ninabonyeza tu.

Nilikata tabaka nne za plaiwudi, nikazigandisha kwa gundi ya mbao, na siku ya mavuno nikapanda basi kwenda kuifunga mwenyewe. Ilibana. Bahati mbaya kile kibati kinachoishika gia ndogo kina matundu marefu, basi nikalegeza bolti, nikakisogeza nje kidogo. Nikazungusha kwa kidole. Ikaenda. Mwali wa leza hula kingo za ubao, na ule ulegevu mdogo ulioachwa ulilificha kosa langu vizuri kabisa. Nikasema, "Safi."

Tulikuwa uani kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnene wa kanisa la Moraviani, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Ndoo zilikuwa zimepangwa, moshi wa kufukizia nyuki bado uko kwenye nguo za watu. Mama mdogo alinawa hadi viwikoni. Ikasaliwa sala. Akashika hendeli, wimbo ukaanza, na pipa likaanza kuvuma. Akazungusha kama anavyozungusha siku zote, wala hakuwa na haraka. Halafu nikasikia tak, tak, tak. Kabla sijafungua mdomo, meno yakakatika karibu yote kwa mkupuo, vipande vikaingia kwenye asali.

Wimbo ukakatika. Wote walinitazama mimi. Si yeye, mimi, injinia wa mjini. Maneno yakanitoka yakiwa yameshapangwa, sijui yalipangwa saa ngapi.

"Mama, umezungusha kwa nguvu mno. Hii si jembe."

Kisha mmoja nyuma akasema, "Trekta!" Uani pote wakacheka. Kwetu utani ni dawa, ndiyo namna ya kumwondoa mtu kwenye aibu, na hakuna aliyesema kwa ubaya. Mama mdogo akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Mikono yangu imezoea kulima."

Alikaa mpaka alasiri akiichuja ile asali kwa kitambaa, ndoo kwa ndoo, akiokota vijiti vya plaiwudi kwa kucha. Mimi nilikula ugali na kuku kwa mwenyekiti, nikapanda basi la kurudi nikiwa nimeikumbatia ile gia ya chuma, na mabaki ya ile yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha hadi nyumbani, nikalala.

Asubuhi yake fundi baiskeli hakuniuliza kitu. Alichukua kile kibogoyo changu kipya, akatafuta jino moja lililosalimika, akalipaka masizi ya sufuria na kulibana kwenye gia ya chuma. Weusi ukabaki nchani tu, upande mmoja.

"Haya meno si ndugu," akasema. "Aliyezungusha hana kosa."

Nikafungua hesabu yangu, nikaiona ile sitini. Nikaongeza mbili. Nikakata gia nyingine, nikaipaka masizi, nikaizungusha na kubwa, na weusi ukatapakaa katikati ya kila jino. Ilikuwa kweli kazi ya saa moja.

Ningepiga simu siku hiyo, hadithi ingeishia hapo. Badala yake nilimkabidhi kondakta wa basi gia zote mbili pamoja na kikaratasi kwa mwenyekiti. Nakikumbuka neno kwa neno: "Nimeiimarisha. Azungushe mtu mwenye mkono mwepesi."

Naandika sentensi hiyo sasa na bado natamani kuifuta.

Gia ilifanya kazi. Ikathibitisha kwamba nilisema kweli: imeimarishwa, anazungusha binti mmoja mwembamba, haivunjiki. Hendeli likahama mkono, funguo za mashine nazo zikahama nyumba, bila kikao wala ugomvi. Watu wetu hujisifu kwamba babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani na hawakubwaga mzigo njiani. Mimi wangu niliubwaga hatua ya kwanza, tena kichwani kwa mama.

Jina nalo likakaa. Mwanamke mmoja wa kikundi alipita dukani kwangu akaniambia, "Trekta anakusalimu sana." Nikacheka. Hilo nalo nalihesabu. Hakuna aliyenilazimisha kucheka.

Mwaka huu mwenyekiti alinipigia simu niwapelekee gia ya akiba siku ya mavuno. Nilipofika uani, yule binti alikuwa kwenye hendeli, wenzake wanaimba. Mama mdogo nikamkuta nyuma ya jiko, anachemsha maji ya kuoshea ndoo. Wajukuu wa watu walikuwa wanapita mbio wakimwita bibi Trekta, naye anaitika. Anaitika vizuri tu, kama mtu anayeitwa kwa jina la ubatizo.

Sikuweza tena. Nilirudi mbele, nikaomba wanisikilize. Nikasema gia ile ilivunjika kwa sababu nilikosea hesabu. Nikasema nilikosea kwa mbili, nikaeleza ncha na meno, nikaeleza masizi. Nikasema mama hakuzungusha kwa nguvu, nilimsingizia mbele yao wote ili nisiaibike.

Wakanitazama kwa huruma kubwa. Kisha mwenyekiti akapiga makofi.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mtoto aliyelelewa huyu! Anabeba kosa la mama yake!"

Vigelegele vikapigwa. Nikasema hapana, ni kweli, mimi ndiye niliyekosea. Wakazidi kushangilia. Mmoja akasema injinia gani akosee mbili, hata mtoto wa darasa la pili hakosei mbili. Mwenyekiti akaniwekea mikononi kidumu cha lita tano cha asali ya kwanza, ile inayopewa mgeni wa heshima. Ningekikataa. Nilitafuta namna ya kukikataa bila kuonekana mwenye kiburi, na wakati ninatafuta, mikono ikawa imeshakishika.

Nikaenda nacho nyuma ya jiko. Alikuwa amesikia yote, ukuta ni wa matete. Hakuwa akishangilia kama wale. Alisuuza ndoo moja hadi mwisho, akaigeuza ichuruzike.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Kesho yake, mama."

Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Mavuno mawili," akasema.

Nikasubiri aongeze neno. Nilitaka anigombeze, hata anipige. Alivuta ndoo nyingine, akamimina maji ya moto, akaanza kusugua. Nilipoinama nichukue brashi nimsaidie, nikakiweka kidumu chini karibu na mlango, na yeye, bila kuinua kichwa, akasema:

"Asali yako hiyo, baba. Usiisahau."