Rekodi ya Syombua

Ukuta wa ukumbi wa kulia wa shule ya upili ya Kyandunda, huku Kalama, umeandikwa rekodi za riadha kwa rangi ya buluu, na jina lililokaa muda mrefu kuliko yote ni la Syombua Musau: wasichana, mita mia nane, mwaka 1998. Syombua mwenyewe husimama chini ya jina hilo kila adhuhuri, mwiko mkononi, akipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Ni mpishi wa shule. Wanafunzi wageni huambiwa kwamba huyu anayewapakulia chakula ndiye yule wa ukutani, nao humtazama kiuno, wakautazama ukuta, wakaona wanachezewa akili.

Yeye hacheki wala hakasiriki. Anajua siku yake inakuja. Desturi ya Kyandunda ni kwamba katika mashindano ya mabweni, mwenye rekodi akiwepo, ndiye anayeshika utepe mwishoni mwa mbio zake. Nani alianzisha jambo hilo, hakuna anayekumbuka. Kwa miaka kumi na mitano, tangu aajiriwe jikoni, Syombua amekuwa akivua aproni siku hiyo na kuvaa sweta ya kijani ya bweni la Iveti, na mwalimu mkuu akimtaja kwa majina yake yote mawili kwenye kipaza sauti. Siku nyingine zote ni Mama Jikoni.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya wa michezo, Musili, kijana wa mambo kwa utaratibu. Kabla ya mistari ya chokaa kuchorwa, aliazima utepe wa mpima mashamba akauzungushia uwanja. Akapima tena. Kisha akaja jikoni akasimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba, "huu uwanja ni mfupi. Mzunguko moja iko na mita mia tatu themanini na nane."

"Si ni mia nne?"

"Ndiyo inafaa iwe. Imekosa kumi na mbili. Sasa zile rekodi za ukutani..."

"Zimeharibika," Syombua akamalizia.

"Zote za kuzunguka uwanja. Mwalimu mkuu anataka zifutwe kabla ya mashindano ya Ijumaa. Pole sana."

Syombua akasema si neno, akageukia sufuria yake. Lakini lilikuwa neno, tena zito. Nyumbani kwake hakuna cheti kilichotundikwa, hakuna picha ya mahafali. Kitu alichowahi kukifanya watu wakakiandika ni hicho kimoja, na sasa hata hicho kilikuwa cha uongo. Mahindi yalishika chini siku hiyo, na wanafunzi wakayala hivyo hivyo.

Baada ya vyombo kuoshwa, akaja Mzee Nzuki, ambaye ametunza uwanja huo tangu Syombua akiwa hajaingia kidato cha kwanza. Kofia alikuwa ameivua na kuishika kwa mikono miwili.

"Syombua, ni mimi nilikukosea," akasema. "Hiyo kamba ya kupimia ilikuwa ya mita mia, unaitandaza mara nne. Ile mwaka ya El Nino ng'ombe wangu alikata kamba yake, nikatoa kipande kwa hii ya shule. Mita tatu tu. Nikaona kamba ni kamba, nani atajua."

Alingoja atukanwe. Syombua alikuwa amekaa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, midomo ikicheza kama mtu anayesali.

"Tatu mara nne ni kumi na mbili," akasema polepole. "Mizunguko miwili ni ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Twende uwanjani, mzee. Beba utepe ya mwalimu."

Walipofika kwenye mstari wa kumalizia, Syombua akamwambia Nzuki ashike mwanzo wa utepe, naye akarudi nyuma nao, akisoma namba, mpaka ishirini na nne. Akasimama hapo, akatazama mbele. Mzee Nzuki hakuelewa, ikabidi aelezwe.

Baada ya kuweka ile rekodi, Syombua alipelekwa mjini Machakos, mashindano ya wilaya. Aliongoza mbio zote. Alikaza mwendo pale miguu ilipozoea kukaza, akatoa nguvu zote kama alivyofundishwa, na zikaisha kabla ya mstari. Wasichana watatu wakampita akiwa kama amefungwa miguu. Kwenye basi la kurudi, mwalimu aliyekuwepo enzi hizo akawaambia wanafunzi wengine, mwenyewe akisikia, kwamba Syombua ni mzuri lakini hana mwisho. Maneno hayo aliyaamini. Alipoacha kozi ya ushonaji miezi miwili kabla ya mtihani, hakushangaa. Alipoliacha shamba la kahawa likiwa karibu kuzaa, hakushangaa pia. Alijiona ndivyo alivyoumbwa, mtu wa kuishia karibu.

"Walinipitia hapa," akasema, akionyesha miguu yake. "Hapa kabisa. Mimi kwa hesabu ya miguu yangu, nilikuwa nishafika."

Mzee Nzuki alikuwa ameinama. Syombua akalia, bila kujificha, na hasira ilikuwemo, maana miaka ishirini na sita si kitu cha kusamehe mchana mmoja. Hakumwambia mzee kwamba yamekwisha. Alimwambia akunje utepe asije akaukanyaga.

Halafu akapita ofisini kwa Mwalimu Musili, aliyekuwa akitafuta namna ya kumpunguzia uchungu.

"Mama Syombua, nimefikiria. Tunaweza acha jina yako, tuandike pembeni kwamba ni uwanja wa zamani."

"Futa, mwalimu."

"Haitakuuma?"

"Itaniuma. Lakini futa. Mimi mbio zangu nilimaliza."