Kichupa Kwenye Boksi la Barafu

Mimi ndiye yule anayejiita mtaalamu wa samaki huku Busia. Nichekeni tu, sina nguvu ya kubisha.

Mama alikuwa amelazwa Tororo, nami nilikuwa namuuguza usiku, asubuhi narudi kazini macho mekundu. Kazini tulikuwa tunajaribu kichocheo cha ukuaji, protini inayomkuza samaki na ambayo, tunavyodhani, huwaita askari wa mwili wake vijidudu vinapoingia. Ngege, yaani perege, wa tangi la kwanza walipaswa kudungwa protini hiyo, wa tangi la pili maji ya chumvi tu. Vichupa vilikuwa viwili tu, kimoja kwa kila tangi, navyo vilifanana kama mapacha. Nikawadunga wote huku nasinzia.

Siku zilizofuata niliona maajabu. Wa tangi la kwanza walichangamka, wa pili nikawaona wanyonge, hata nikawahurumia. Basi nikawaita wafugaji wa samaki wa kule Masaba, nikawahubiria kinga ya samaki mpaka koo likakauka.

"Daktari, hiyo dawa tunapata wapi?" akauliza Mama Nekesa, mwenye mabwawa mengi kuliko wenzake.

"Polepole, mama," nikajibu kwa madaha. "Kwanza kunyweni soda."

Akafungua boksi langu la barafu, lile ninalobebea dawa za kazini na, Mungu anisamehe, maziwa ya mgonjwa. Akachakura chini ya soda, akainua kichupa kilichobandikwa karatasi yenye mwandiko wangu: TANGI LA KWANZA.

"Na hii ni ya nani, daktari? Mbona bado haijafunguliwa?"