Mjerumani Aliyesoma Migongo ya Vitambaa

“Sioni palipochanika!”

Mjerumani alilitupa koti juu ya meza ya kukatia kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

“Huoni kwa sababu nimeshashona,” Kulsum akamjibu, mguu bado uko kwenye pedali ya cherehani. “Ndiyo kazi yangu. Ungepaona, ungesema sijui kushona.”

“Koti hili nimelivaa miaka thelathini na nane. Lilichanika hapa kwapani nilipoteleza kwenye ngazi ya kanisa. Sasa hapana kitu. Umeidanganya nguo! Kiraka lazima kijulikane kuwa ni kiraka. Ukikificha, atakayekuja baadaye atadhani nguo ilizaliwa hivi.”

“Atakayekuja baadaye nani? Nani huyo wa kuja kuchungulia kwapa lako, Daktari?”

“Tia japo uzi mwekundu, uwe alama.”

“Sitii. Watu watauona, watasema Kulsum wa Agincourt kaanza kupofuka.”

Kulsum alikuwa fundi wa nguo, mzaliwa wa Tanga, na duka lake, mtaa wa Agincourt mjini Toronto, lilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, lina dirisha moja tu. Kutoka mtaa wa Malvern alikokaa alifika saa mbili asubuhi kila siku ya Mungu, theluji iwepo isiwepo. Wateja wa kulalamika alikuwa nao tele: imebana, imepwaya, imechelewa. Lakini wa kulalamika kwamba kazi imekuwa nzuri mno, huyu alikuwa wa kwanza.

Bibi huyo wa Kijerumani hakuondoka. Alikuwa na miaka themanini na tatu, mrefu, amekonda kama mlingoti, na mikono yake ameifunga mgongoni muda wote kama askari wa gwaride. Akainama juu ya koti, akaomba ligeuzwe ndani nje. Akaitazama bitana kwa muda wa kuchemsha chai.

“Aliyekufundisha kushona alikuwa mashoto,” akasema.

Mguu wa Kulsum ukaondoka kwenye pedali. Aliyemfundisha ni bibi yake mzaa baba, marehemu Zebunissa, aliyekula kwa mkono wa kulia na kushona kwa wa kushoto, na nyumbani jambo hilo halikusemwa mbele ya wageni. Mumewe Kulsum hakulijua. Binti yake hakulijua.

Huyo binti, Masoomah, alikuwa amekaa nyuma ya duka na kompyuta mapajani, masikio kayaziba kwa vidude vya muziki. Tangu azaliwe hajawahi kuuliza mama anashonaje. Siku hiyo akavitoa vidude masikioni, akasogea, akamuuliza bibi wa watu kwa Kiingereza: “Umejuaje?” Bibi akamwonyesha mafundo: mkono wa kulia umeyafunga, lakini kwa njia ya mashoto.

Hapo ndipo wivu ulipopata pa kuingilia.

Jina la bibi huyo lilikuwa Hedwig Rautenberg, daktari wa vitabu, si wa sindano. Alizaliwa kwenye vita, kaskazini mwa Ujerumani karibu na mji wa Celle, na baba yake hakurudi kutoka huko vitani. Mama alikuwa dobi wa nyumba moja ya zamani ya watawa, yenye vitambaa vilivyotariziwa miaka mia saba iliyopita. Dada yake mkubwa, Annelore, alikuwa mashoto mwenye vidole vya baraka, akaruhusiwa kuzifunga nyuzi zilizolegea. Hedwig alikuwa mtoto wa kuangusha vikombe. Yeye aliambiwa: macho tu, mikono nyuma. Basi akawa anakaa chini ya meza, anavitazama vitambaa kwa chini, upande wenye mafundo na mikia ya nyuzi, upande ambao fundi hamwonyeshi mtu. Akagundua kwamba mbele ya kitambaa pana picha ya mtakatifu, lakini nyuma yupo mshonaji mwenyewe: pale amechoka, pale amekosea akafumua, pale uzi umemwishia.

Alipofika chuo kikuu akataka kuandika habari hizo. Profesa wake akamcheka. Kutarizi, alimwambia, si sanaa, ni njia ya wanawake ya kupitishia jioni. Miaka minne baadaye profesa yule yule akatoa kitabu kuhusu tarizi za watawa, na maneno ya Hedwig yamo humo ukurasa kwa ukurasa. Jina lake alilikuta chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Akafunga sanduku, akaja Toronto mwaka wa 1973. Akafundisha miaka thelathini na tatu. Hakuolewa; alisema wanaume wa fani yake walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapigia taipu.

Kulsum aliyajua haya yote kwa sababu bibi alikuwa akipita dukani kila wiki, anayasimulia kwa Kiingereza cha vitabuni, naye Kulsum anamjibu kwa Kiingereza alichojifunzia hapo hapo kaunta. Ile ya profesa aliisikia mara saba.

Na alimpenda, tusimsingizie. Alimpelekea chakula kwa mkono wa Masoomah, maana bibi aliishi peke yake ghorofani kule Don Mills, anakula mkate na jibini kama mfungwa. Leo kuku wa kupaka, kesho biriani, mwezi wa Ramadhani kalimati. Alitumia bakuli lake moja la udongo lenye ukingo wa buluu. Na bakuli likawa linarudi limesuguliwa linang'aa. Limesuguliwa, na tupu.

Kwao Tanga bakuli la jirani halirudi tupu. Hata kama huna kitu utatia ndimu mbili, utatia vijiko vya sukari. Kurudisha tupu ni kumwambia mtu: tumemalizana.

“Mzungu yule, hajui,” mumewe, Hyderali, alimwambia.

“Ana vitabu ukuta mzima. Hicho kimoja kimemshinda?”

Bakuli angelivumilia. Mtoto ndiye aliyemshinda. Masoomah alianza kwenda Don Mills kila Jumanne kumpangia bibi makaratasi, kisha Jumanne na Alhamisi. Mezani ikawa Hedwig anasema hivi, Hedwig alikwenda kule. Hedwig! Mtoto anamwita mtu wa miaka themanini na tatu kwa jina lake kama anaita paka. Anaeleza tofauti ya hariri ya karne ya kumi na tatu na ya kumi na nne, naye mama yake amekaa mbele yake, vidole vimetobolewa na sindano tangu alipomaliza darasa la saba na kuwekwa kwenye fremu ya zari, na hajaulizwa swali hata moja.

“Unamwonea wivu ajuza,” Hyderali akacheka.

“Wivu ni wa mume tu? Wewe ungechukuliwa ningekufungia mizigo.”

Sasa, kitu kilichompa Hedwig jina duniani kilikuwa kitambaa kimoja cha altare. Nyuzi za dhahabu zimelazwa juu yake, zikabanwa kwa vishono vidogo vya hariri. Sehemu nyingine vishono vimelala kulia, sehemu nyingine vimelala kushoto. Hedwig aliandika kwamba walikuwa watawa wawili, mmoja mashoto, wamekaa bega kwa bega maisha yao yote. Pengine dada wa tumbo moja. Watu waliipenda hadithi ile. Akaalikwa nchi kwa nchi kuisimulia.

Siku moja mwezi wa Novemba alikuja dukani na picha ya mgongo wa kitambaa hicho, kubwa kama shuka. Alimtaka Masoomah, Masoomah alikuwa kwenye mtihani. Akaikunjua mezani hata hivyo, mwenyewe aitazame.

Kulsum alikuwa anashona mtandio wa bibi harusi, zari tupu, kwenye fremu ya mbao pana kama mlango. Ilipofika saa kumi jua likaacha upande mmoja wa dirisha. Akafanya afanyavyo kila siku ya baridi: akainyanyua fremu, akaigeuza robo, akasogeza stuli, akaendelea. Alipoinua macho kupumzisha shingo, yakaangukia picha.

“Hawa si wawili,” akasema.

“Samahani?”

“Ni mtu mmoja. Na si mashoto.” Akaishika picha kwenye pembe, akaigeuza robo juu ya meza. Vishono vilivyokuwa vimelala kushoto sasa vililala kulia, kama vile vingine vilivyolala kabla ya kugeuzwa. “Umeona? Mkono ule ule, uzi ule ule. Kageuza fremu. Alikuwa na dirisha moja, maskini, kama mimi. Alikuwa anafuata mwanga.”

Mjerumani akaisogelea picha. Mikono yake ikatoka mgongoni, na Kulsum akaiona vizuri kwa mara ya kwanza: mikubwa, mizito. Akaiweka juu ya picha.

“Niliwapa watu dada wawili,” akasema taratibu. “Miaka thelathini. Alikuwa peke yake.”

Akakunja picha akaondoka, mwavuli kausahau. Neno la asante hakulitoa, Kulsum akasema moyoni: mshtuko, atakuja kulisema.

Mwezi wa Februari Hedwig akatoa mhadhara kwenye jumba la sanaa kule Wynford. Masoomah alimtafutia mama yake kiti cha mbele. Bibi akasimama, mikono nyuma, akasema: nimekosea. Akaonyesha picha ukutani, akaigeuza robo, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. “Hapakuwa na dada,” akasema. “Palikuwa na mwanamke mmoja na dirisha moja. Alikuwa anafuata mwanga.”

Kulsum akanyoosha mtandio wake kichwani. Akakaa tayari kuinuka, si sana, kidogo tu, kama mtu anayeona haya kusifiwa. Watu wakapiga makofi wamesimama. Wakapiga, wakapiga. Wakakaa. Ikaja juisi na biskuti. Jina halikuja.

“Mami, umemwona?” Masoomah alikuwa anafuta machozi. “Kujikosoa mbele ya watu wote hawa! Na kugundua mwenyewe, katika umri ule!”

“Hakugundua mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia.”

Mtoto alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, heri ingekuwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mzazi anayetaka kukuaibisha kwa watu. “Mami,” akasema kwa Kiingereza, “tafadhali usianze.”

Kulsum hakuanza. Njia nzima mpaka Malvern, ndani ya gari, alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Asante ya punda ni mateke, alijua. Lakini teke la Mjerumani halikumuuma. Lililomuuma ni lile la mwanawe, kwamba baina ya wanawake wawili, mmoja kasema kweli na mmoja kanyamaza, mtoto kamwamini aliyenyamaza.

Mwezi wa Machi mlango wa duka ukalia kengele. Hedwig, na koti lake, na bakuli mkononi. Linang'aa. Tupu.

“Weka hapo,” Kulsum akasema. “Na usikae.”

“Umekasirika.”

“Mara kumi na moja nimelijaza bakuli hilo. Mara kumi na moja umelirudisha tupu. Kwetu hilo ni tusi, lakini nikasema mgeni, hajui. Sasa najua ndivyo ulivyo. Unachukua, unaosha, unarudisha. Hata neno langu umelichukua, ukaliosha likawa safi halina alama ya mkono wangu, ukasimama nalo mbele ya watu. Unakumbuka ulisema koti nimelidanganya? Kwamba nimeficha palipochanika? Wewe umefanya nini?”

Hedwig akafungua mdomo.

“Bado! Mara saba umenililia hapa habari za profesa wako. Yeye japo alikuandika kwa mayai ya chawa. Mimi hata yai sikupata.”

Bibi akakaa, ingawa kakatazwa. Akalitazama bakuli.

“Nililisugua sana,” akasema. “Mama yangu alitufundisha, chombo cha watu kirudi kisafi kuliko kilivyokuja. Sikujua.” Akalisogeza bakuli kando. “Lile jingine nilijua. Niliandika jina lako, nikalikata. Ulikuwa na sindano mkononi, Bi Kulsum. Ukaona kwa kuinua macho mara moja kitu ambacho mimi sikukiona miaka thelathini. Nikawa tena yule mtoto wa chini ya meza, na Annelore yuko juu anashona. Niliona wivu.”

Neno hilo Kulsum alilijua. Lilikuwa lake. Alilala nalo na kuamka nalo tangu mwaka jana. Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu, na kelele yake ikawa ndiyo kwaheri. Bibi aliondoka na bakuli.

Wiki tano hakuonekana. Jumanne zikapita, Masoomah anakwenda na kurudi, na mama hakuuliza.

Aprili ya Toronto haina haya: jua linawaka na baridi inauma vile vile. Hedwig alikuja akiwa bado na koti, bakuli kalikumbatia kwa mikono yote miwili, limefunikwa kitambaa. Masoomah alikuwepo. Kulsum akafunua. Viazi vya kuchemsha, vimekatwa vipande kama vimepigwa shoka, vimelowa siki. Juu yake bahasha ndani ya mfuko wa nailoni.

“Mhadhara wangu unachapishwa,” Hedwig akasema. “Huo ni ukurasa wa kwanza. Siyo chini. Ni mstari wa kwanza.”

Masoomah ndiye aliyeitoa karatasi, akaisoma kwa Kiingereza kwa sauti ya darasani: kwamba ugunduzi huu si wa mwandishi, ni wa Kulsum Hyderali, mshonaji wa Agincourt, aliyeuona mwezi wa Novemba akiwa kazini, akauthibitisha kwa kuigeuza picha juu ya meza yake, na kwamba mwandishi aliuficha ukweli huu mbele ya watu na anaomba radhi mbele ya watu. Sauti ikawa inapungua kila mstari. Alipomaliza akaikunja karatasi vizuri kuliko ilivyokunjwa.

Akaitazama fremu iliyoegeshwa dirishani. Kisha akasema, kwa Kiswahili, mtoto ambaye tangu shule ya chekechea hujibu kwa Kiingereza: “Mami, nionyeshe unavyoigeuza.”

“Subiri,” Kulsum akasema, maana macho yalikuwa yanamwasha na hakutaka kuonekana. Akachukua kipande cha kiazi, akatafuna. “Daktari, hivi vimelaaniwa? Chumvi hamna kabisa.”

“Sijawahi kupikia mtu.”

“Inajulikana.” Akatafuna cha pili. “Mkono mtupu haulambwi, lakini na huu wako nao mtihani.” Akala cha tatu. Kisha akafuta vidole, akanyoosha mkono. “Haya, vua koti.”

“Kwa nini?”

“Vua, nimesema.”

Akaligeuza ndani nje, akapita kwapani kwa ncha ya kidole, akapapata mara moja bila kutafuta. Akachagua uzi mwekundu, mwekundu wa bibi harusi, akatia vishono saba, vikubwa, vya kuonekana na kipofu.

“Hapo,” akasema, akakata uzi kwa meno. “Hapo ndipo palipochanika.”