Ua wa Miiba Kuzunguka Landrova

Hadi leo sina jibu la swali hili: kwa nini mtu ambaye malisho ya ukoo wake yaligeuzwa shamba la ngano alilinda gari la shamba hilohilo kama ng'ombe wake mwenyewe? Mwaka huu nimestaafu kwa hiari, muda wa kutafakari ninao, na bado linanishinda.

Nilipangiwa kazi katika shamba la serikali chini ya Mlima Hanang nikiwa nimetoka tu chuo kikuu na shahada ya uhandisi mitambo. Siku ya kwanza nilitarajia kupelekwa kwenye kombaini, mashine ya kuvuna ngano. Msimamizi wa Karakana, Mzee Tluway, mtu wa Mbulu mwenye sauti ya taratibu, alinipeleka kwenye Landrova iliyoinama upande mmoja.

"Hii ndiyo inayobeba wagonjwa wetu," alisema. "Kila asubuhi tairi la nyuma kushoto limelala. Tunaziba, linalala tena. Anzia hapa, binti."

Meneja wa Shamba alitukuta tumechuchumaa. Yeye jibu alikuwa nalo tayari.

"Upepo hautoki wenyewe," alisema. "Mlinzi wetu ni Gidamis, na nyinyi mnajua ng'ombe wake walikuwa wanalisha wapi kabla hatujalima. Ana kinyongo. Kesho naandika barua ya kumwachisha kazi, labda injinia aniambie vinginevyo."

Alipoondoka, Mzee Tluway alinong'ona kuwa mshahara ule ndio uliobaki kulisha nyumba ya Gidamis, kwa maana mifugo yake ilikuwa imepungua sana.

Nawaeleza vijana mlio kazini leo jinsi tulivyofanya, kwa sababu tairi zetu zilikuwa na tyubu ndani. Kwanza tulipaka povu la sabuni kwenye valvu, pale upepo unapoingilia. Povu halikuchemka, valvu ilikuwa nzima. Tukafungua gurudumu. Kabla ya kuchomoa tyubu, Mzee Tluway alichora alama ya chaki kwenye tairi, sambamba na valvu.

"Tundu la tyubu lina mwenzake kwenye tairi," alisema. "Bila alama utamtafuta mpaka ustaafu."

Tyubu tuliijaza upepo na kuizamisha kwenye nusu pipa la maji. Tulingoja. Vikapanda viputo vidogo kama punje za ulezi, kimoja, halafu kingine. Tuliirudisha kwenye ile chaki, kisha nikapitisha kitambaa laini ndani ya tairi, mahali palepale. Kikanasa. Ndani ya mpira kulikuwa na ncha nyeusi ya mwiba wa mgunga, na pembeni yake nyingine mbili. Mwiba ukibaki ndani huziba kiasi tundu ulilolitoboa wenyewe. Ndiyo maana upepo hupotea polepole, na ndiyo maana kiraka hakidumu kama mwiba haujang'olewa.

Lakini migunga ilikuwa mbali na barabara za shamba. Nilikwenda mahali gari lilipolala. Vumbi lilikuwa na michirizi ya matawi yaliyoburutwa, na nyuma ya ghala nilikuta rundo la matawi ya miiba. Gidamis alikuwa anaingia zamu, shuka begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari limepona?"

"Matawi haya ni ya nani?"

"Yangu. Ni ua wa gari." Alinitazama kwa huruma. "Wewe hujui fisi? Walitafuna tairi la trela kule shamba la chini. Ng'ombe halali nje bila ua. Gari lilale nje kwa nini? Jua likizama nafunga, alfajiri nafungua."

Alinionyesha mlango wa ua huo. Ulikuwa upande wa kushoto, pale gurudumu la nyuma lilipopita kila jioni gari likirudi kinyumenyume juu ya miiba iliyodondoka.

"Mbona hukumwambia meneja?"

"Hakuuliza habari ya fisi. Aliuliza nani anatoa upepo. Mimi sitoi upepo."

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa meneja na kuweka miiba mezani. Nilimweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Ni ua wake, mkuu. Alikuwa analinda tairi."

Aliigeuzageuza miiba mezani kwa kidole. "Miiba iondoke," alisema hatimaye.

"Na fisi?"

Alichungulia dirishani, kuelekea kwenye mapipa matupu ya dizeli. "Gidamis abaki. Ua ujengwe kwa yale."

Baadaye nilifanya kazi Arusha na kwingineko, chini ya wakubwa wengi. Nawashukuru Mzee Tluway na yule meneja kuliko wote: mmoja alinifundisha kuweka alama kabla ya kufungua, mwingine alikubali jibu ambalo hakulipenda. Gidamis nilimuuliza swali langu mara moja tu. Alicheka, akasema, "Niliambiwa linda," akaendelea kuchunga zamu yake. Nilihisi hilo halikuwa jibu lote.

Asubuhi iliyofuata baada ya kumwonyesha meneja ile miiba, tulifagia miiba yote, na Gidamis akarudia kwa mikono palipokwisha kufagiliwa. Kisha tukaanza kuviringisha mapipa. Meneja alikuja, akavua koti, akashika pipa la mwisho.

"Mzee, mlango uwe wapi?"

Gidamis alinyoosha fimbo. Meneja akaliviringisha pipa hadi hapo.