Kisogo cha Mkwe Langoni pa Hekalu

Sikwenda Korea kutalii. Binti yangu Neema, aliyekwenda kusoma huko, alileta habari za mchumba, Min-ho, na baba zake wadogo wakagoma kupokea posa mpaka mmoja wetu akawatazame hao watu kama ni watu. Wao wenyewe waliogopa ndege. Wakanituma mimi, mjane, mkulima wa alizeti, nami nikaondoka Misigiri nikiwa nimeshakataa moyoni.

Alfajiri nilipanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Ndani ya ndege nilipewa chakula cha kushibisha kifaranga, wakaniuliza kama nimefurahia.

Nilipotua, Min-ho, aliyekuja na Neema kunipokea, aliinama mpaka nikadhani kadondosha kitu. Shikamoo hakuna, neno hakuna. Nikamwambia Neema kwa Kinyiramba kwamba mchumba wake ni bubu.

"Anakuheshimu, mama."

"Heshima gani isiyo na mdomo?"

Kesho yake asubuhi Min-ho na mama yake walitupeleka kwenye hekalu la kale la Wabudha, kando ya bahari. Limekaa juu ya mawe, mapaa yake yamepindwa ncha, na ngazi zinateremka kuelekea majini badala ya kupanda. Watalii walijaa, kila mmoja ameipa bahari mgongo, anajipiga picha. Nikaambiwa nistaajabie mawe. Mawe! Mimi natoka Singida, mawe tunayapasua kokoto. Maji ya chumvi nayo tunayo ziwani, wala hatujamwita mtu aje kujipigia picha. Kitu kimoja tu nilikiheshimu. Mama yake Min-ho, mwenye magoti mabovu kama yangu, alisujudu mbele ya madhabahu yao, akainuka, akasujudu tena, bila kuangalia nani anamtazama.

Mchana tulikaa kwenye mgahawa nje ya lango. Ikaletwa pombe ya mchele, nyeupe kama togwa. Min-ho akanimiminia kwa mikono miwili, nikalainika kidogo. Kisha akachukua bakuli lake, akageuka upande, akanywa akiwa ameniachia kisogo.

Posa ilifia pale. Hata walevi wa Shelui hawajawahi kunifanyia vile.

Mama yake Min-ho akammiminia Neema. Na Neema, niliyemnyonyesha mwenyewe, akageuka vilevile, akampa mama wa watu kisogo!

"Neema! Adabu hiyo umeitoa wapi?"

"Mama, huku hatunywi tukimtazama mkubwa usoni. Ukigeuka ndiyo umemheshimu."

Nikakumbuka. Misigiri ya utoto wangu, mkwe hakula wala kunywa mbele ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja alipisha porini. Desturi hiyo tumeitupa wenyewe, hakuna aliyetunyang'anya. Elia wa Shelui, aliyemwoa dada yake Neema, hunilia nyama usoni huku amenyoosha miguu, na tulimpokea kwa vigelegele eti kwa sababu ni wa kwetu. Nilimchukia Elia kutoka ng'ambo ya bahari, nikajichukia na mimi kidogo.

Nikainua bakuli langu, nikamtazama mama yake Min-ho, nikanywa lote. Neema akajua nimekubali, akaanza kulia kabla sijasema neno.

Niliporudi Misigiri, shemeji zangu walikuwa wamejaa sebuleni. Elia naye alikuwepo, kiti cha mbele, chupa ya soda mkononi. Nikawaambia wapokee posa. Wakaguna.

"Lakini mama," akasema Elia, akiigugumia soda huku amenikodolea macho, "hao watu wana adabu kweli?"

"Geuka kwanza umalize soda yako," nikamwambia, "ndipo nikujibu."